Kuanza Kuzamia kwa Mtungi Ukiishi Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Nairobi, anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na anayeweza kufika Pwani mara mbili au tatu kwa mwaka. Anayeishi Nyali au Ukunda ana mambo yake, na baadhi ya ushauri uliomo humu hautamfaa.

Je, mafunzo yanaweza kufanyika Nairobi, ilhali bahari iko umbali wa karibu kilomita 480?

Baadhi yake yanaweza. Kozi ya kwanza ya uzamiaji wa burudani, iwe ni ya PADI, ya SSI au ya shirika jingine linalotambulika kimataifa, ina sehemu tatu: nadharia, mazoezi katika kidimbwi cha kuogelea, na mbizi nne katika maji ya wazi, ambayo kwetu ni bahari. Nadharia siku hizi husomwa kwa simu, na unaweza kuimaliza ndani ya matatu ukiwa umekwama kwenye foleni ya Thika Road. Mazoezi ya kidimbwini yanaweza kufanyika hapa mjini iwapo mwalimu mwenye leseni anapatikana, nami naona hiyo ni njia nzuri, kwa sababu hutatumia siku zako chache za likizo kujifunza kuvua na kuvaa miwani chini ya maji huku wenzako wameshaondoka na mashua. Mbizi nne za mwisho hazina njia ya mkato.

Kidimbwi cha Nairobi hutofautiana na bahari kwa mambo mawili ambayo wanafunzi wengi hawaambiwi mapema. La kwanza ni baridi: mwezi wa Julai maji ya kidimbwi kisichopashwa moto huwa baridi kuliko Bahari Hindi wakati wowote wa mwaka, kwa hiyo usipime mapenzi yako ya mchezo huu kwa meno yanayogongana. La pili ni uzito. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji ya kidimbwi kwa takribani asilimia 2.5, kwa hiyo mkanda wenye vipande vya madini ya risasi uliokuzamisha vizuri mjini hautakuzamisha Diani, na utajikuta unaelea kama kifuu mpaka uongezewe kilo mbili au tatu.

Cheti cha kwanza kinaniruhusu kufanya nini?

Kinakuruhusu kuzamia hadi kina cha mita 18 pamoja na mwenzi mwenye cheti, popote duniani. Umri wa cheti kamili ni miaka 15. Mtoto wa miaka 10 anaweza kupata cheti cha watoto, lakini akiwa na miaka 10 au 11 hapiti mita 12 na ni lazima azamie na mzazi mwenye cheti au mtaalamu. Cheti hakiishi muda, ingawa ujuzi huisha. Mkazi wa Nairobi aliyekaa mwaka mzima bila kugusa maji anapaswa kulipia kipindi kimoja cha kujikumbusha kidimbwini kabla ya kushuka mwambani, hata kama hakuna anayemlazimisha.

Kama hujui hata kama utaupenda mchezo wenyewe, kuna mbizi ya majaribio isiyohitaji kozi, ambayo mwalimu hukushikilia karibu na hamzidi mita 12. Ianze hiyo, kisha ndipo ufikirie kozi na vifaa.

Ni lazima niwe hodari wa kuogelea?

Hapana, lakini ni lazima ujue kuogelea. Kwa kawaida utatakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote na bila kupimwa muda, na kuelea dakika 10. Asiyeweza hayo aanze kwa mwalimu wa kuogelea wa mtaani kwake.

Ni hali gani za afya zinazozuia?

Kabla ya kozi utajaza fomu ya maswali ya afya, na ukijibu "ndiyo" kwa baadhi ya maswali utahitaji barua ya daktari. Pumu, kifafa, maradhi ya moyo, kisukari, mapafu yaliyowahi kupasuka na upasuaji wa kifua ni mambo ya kujadiliwa na daktari kwa uwazi. Mwenye selimundu naye asikae kimya. Mjamzito hazamii. Dawa ya meflokwini, ambayo baadhi ya watu huimeza kujikinga na malaria wanaposafiri, haifai kuchanganywa na uzamiaji, kwa sababu inaweza kuleta kizunguzungu na hofu zinazofanana na dalili za ajali ya chini ya maji. Watu hudanganya kwenye fomu hii kwa kuogopa kupoteza pesa walizolipa. Mwalimu hana njia ya kukugundua ukiwa nchi kavu, na huko chini itakuwa umechelewa.

Je, ule ni mtungi wa oksijeni?

Sivyo, ijapokuwa magazeti yetu huandika hivyo kila mara. Ni hewa ya kawaida iliyochujwa na kushindiliwa: asilimia 21 oksijeni, na sehemu kubwa iliyobaki naitrojeni. Naitrojeni hiyo ndiyo itakayotuhusu tutakapofika kwenye swali la kurudi nyumbani.

Kila unaposhuka mita 10, shinikizo huongezeka kwa kiasi kinacholingana na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukoni. Kwa hiyo pafu lililojaa hewa kwenye kina cha mita 10 lingehitaji nafasi maradufu ukifika juu. Hapo ndipo inapotoka kanuni ya kwanza ya mchezo huu: usizuie pumzi kamwe, na unapopanda, panda polepole, kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, kisha usimame dakika 3 kwenye mita 5.

Mtungi mmoja hudumu kwa muda gani?

Hesabu yake si ngumu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una takribani lita 2,400 za hewa. Ukiacha akiba ya bar 50, ambayo haiguswi, zinabaki lita 1,800. Anayeanza anaweza kutumia lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye mita 10 shinikizo ni maradufu, kwa hiyo atatumia lita 40, na hewa yake itamtosha dakika 45. Kwenye mita 18 itamtosha kama dakika 32. Mwenye wasiwasi hupumua haraka na muda wake hupungua zaidi. Ukimwona mwalimu wako akitoka majini na nusu ya mtungi, si kwamba ana mapafu madogo, bali ametulia.

Masikio yangu huuma nikizamia hata mita mbili. Je, nina kasoro?

Huenda huna. Ukiwahi kushuka kutoka Limuru hadi Mai Mahiu, unajua masikio yanavyoziba na jinsi unavyomeza mate ili yafunguke. Chini ya maji ni jambo lile lile, ila badala ya kuchukua nusu saa huchukua sekunde chache. Bana pua, puliza taratibu huku umefunga mdomo, na ufanye hivyo kila baada ya mita moja au pungufu, kabla maumivu hayajaanza. Yakianza, panda kidogo ujaribu tena; usilazimishe. Mwenye mafua asizamie, na dawa za kuzibua pua si suluhisho, kwa maana nguvu zake zinaweza kuisha ungali chini.

Kifaa cha kwanza kununua ni kipi?

Ni miwani ya kuzamia, ile inayofunika macho na pua. Tena nunua miwani peke yake, na vingine vingoje.

Nasema hivyo kwa sababu miwani ndicho kifaa pekee ambacho umbo la uso wako huamua kama kinafaa au hakifai, na hakuna bei wala jina la kampuni litakalobadilisha hilo. Ya kukodi ilichaguliwa kwa uso wa mtu mwingine. Namna ya kuijaribu dukani ni hii: usivae mkanda. Ondoa nywele kwenye paji la uso, iweke miwani usoni kwa mkono mmoja, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha uachie mkono na uiname. Ikining'inia yenyewe kwa sekunde kadhaa bila kuvuja hewa, inakufaa. Ikianguka, au ukiona inashikilia kwa sababu tu umevuta pumzi kwa nguvu nyingi, irudishe. Kisha weka snorkeli, lile bomba la kupumulia, mdomoni ujaribu tena, maana mdomo ukiwa wazi mikunjo ya mashavu hubadilika, na miwani nyingi zinazofaulu jaribio la kwanza hushindwa hapa. Angalia pia kama daraja la kati linagusa mfupa wa pua. Mguso mdogo dukani huwa maumivu ya kichwa baada ya dakika 40 majini. Kwa pua zetu pana, sehemu ya pua ndiyo yenye kasoro mara nyingi: hakikisha vidole viwili vinaweza kubana pua kutoka nje bila kuinua ukingo wa miwani.

Kioo kiwe cha usalama, kilichokazwa, wala si plastiki, na ukingo uwe wa silikoni laini. Miwani ya kuogelea inayofunika macho tu haifai hata kidogo, kwa sababu pua ikiwa nje huwezi kusawazisha shinikizo lililo ndani yake.

Miwani mpya hutoka kiwandani ikiwa na utando mwembamba juu ya kioo, na utando huo ndio huleta ukungu. Paka dawa ya meno ya kawaida, isiyo ya jeli, kwa ndani, sugua kwa kidole kwa dakika kadhaa, suuza, na urudie mara mbili tatu nyumbani kabla ya safari. Siku ya mbizi, mate hutosha.

Nina rasta, au navaa hijabu, au nina ndevu, au navaa miwani ya macho. Nifanyeje?

Mkanda wa silikoni hunasa kwenye nywele zilizosukwa, na kuuvua huwa ni kilio. Badilisha uwe mkanda wa kitambaa cha neoprini, ambao hauvuti nywele, na funga rasta chini ya kimo cha mkanda ili zisiusukume juu. Hakikisha hakuna hata unywele mmoja uliopita chini ya ukingo wa miwani, kwani maji hufuata njia hiyo hiyo.

Anayevaa hijabu anaweza kutumia kofia ya neoprini au ya kitambaa chepesi cha kunyumbuka inayofunika kichwa na shingo, pamoja na suti ya mwili mzima. Hata wasiovaa hijabu huzitumia kujikinga na jua na viwavi vya baharini. Ndevu haziharibu kitu, ila masharubu huvujisha maji kidogo. Punguza nywele zilizo chini kabisa ya pua, au upake grisi ya silikoni badala ya mafuta ya mgando ya petroli. Mwenye uoni hafifu anaweza kuagiza miwani yenye lenzi za namba yake.

Baada ya miwani?

Snorkeli ya kawaida isiyo na madoido, kisha mapezi. Mapezi yako ya aina mbili: yanayovaliwa mguu mtupu, ambayo ni mepesi na huingia kwenye begi dogo, na yenye mkanda wa nyuma, ambayo huvaliwa juu ya buti za neoprini. Kwetu ambako mara nyingi mtu hutembea juu ya miamba mikali maji yakiwa yametoka, buti zina faida yake. Yasibane vidole wala yasicheze mguuni. Suti ya unene wa milimita 3 inatosha kwa pwani ya Kenya, ambako maji huwa takribani nyuzi 25 mwezi wa Agosti na kukaribia 30 mwezi wa Machi. Iwe inabana kiasi cha kutoacha mifuko ya maji mgongoni, lakini uweze kupumua hadi mwisho.

Vipi kuhusu jaketi ya kuelea na regyuleta, yaani kifaa cha kuvutia hewa kutoka mtungini?

Kodi. Hapa nitasema kwa uchungu wa mwenyewe. Kabla hata sijamaliza kozi nilinunua jaketi kutoka kwa mgeni aliyekuwa akihama Nairobi, kwa bei niliyoiona ni ya kutupa. Kwa miaka minne niliivaa mara tano. Nilikuwa nikiisafirisha kwenda na kurudi ikiwa na uzito wa karibu kilo nne, na muda mwingine wote ilikaa juu ya kabati imekunjwa, mpaka siku moja nilipoipuliza nikasikia mfuko wake wa ndani ukibanduka kama plasta. Ilikuwa imevuja kwenye mshono, na bei ya matengenezo ilizidi ile niliyoinunulia.

Regyuleta ni kifaa kizuri kumiliki, lakini inahitaji kufanyiwa huduma kwa ratiba ya mtengenezaji, mara nyingi kila mwaka au kila miaka miwili, hata kama hukuitumia, kwa kuwa oringi zake, yaani pete za mpira, hukauka zikiwa kabatini. Ukifikia mbizi 20 kwa mwaka, nunua. Kabla ya hapo, kituo kinachokukodisha ndicho kibebe mzigo huo. Wewe kazi yako ni kuuliza ilihudumiwa lini, kuivuta pumzi kadhaa huku ukitazama geji, na kuikataa ikiwa sindano inacheza kila unapovuta. Ukiamua kununua, uliza kwanza kituo unachozamia kinatumia vali ya aina gani kwenye mitungi: ile ya DIN, ambayo regyuleta huzungushwa na kuingia ndani ya vali, au ile inayobanwa kwa fremu na skrubu kutoka nje. Moja haikai kwenye nyingine bila kiunganishi.

Na kompyuta ya kuzamia?

Hii ndiyo ningeiweka ya pili kwa umuhimu, mara tu baada ya kozi. Hupima kina na muda, na kukadiria naitrojeni iliyo mwilini mwako, na hesabu hiyo ni yako peke yako. Huwezi kuazima ya mwenzako katikati ya siku, kwa sababu inakumbuka mbizi zake, si zako. Chukua ya bei nafuu, yenye tarakimu kubwa na betri unayoweza kubadilisha mwenyewe.

Je, ninunue mitumba?

Suti, ndiyo. Nimeona suti za neoprini zikining'inia Gikomba katikati ya majaketi ya baridi, muuzaji mwenyewe akidhani ni za waendesha baiskeli. Ivute mpira wake: ukiona nyufa nyeupe kwenye mikunjo, iache. Mapezi pia hayana hatari. Regyuleta ya mitumba isiyo na rekodi ya huduma, hapana, hata ukipewa bure. Anayeagiza vifaa kutoka nje akumbuke kwamba juu ya bei na usafirishaji kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, kwa hiyo afanye hesabu yote kabla ya kushangilia bei ya mtandaoni.

Msimu gani unafaa, na nianzie wapi?

Msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, ndio wenye bahari tulivu na maji maangavu. Kusi likivuma, na hasa mvua za masika zikiwa zimenyesha, mawimbi huwa makubwa na maji huchafuka. Malindi huathirika zaidi kwa sababu ya tope la Mto Sabaki. Angalia pia mwezi wa angani: wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, mikondo huwa na nguvu kuliko wakati wa maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, na mwanafunzi atafurahia maji mafu.

Kwa mbizi za kwanza, Diani, Watamu na Hifadhi ya Kisite-Mpunguti karibu na Wasini zinafaa, maana kuna matumbawe ya kina kifupi, kasa, pono, taa na vitatange bila kuhitaji kushuka sana. Hifadhi za Watamu na Malindi zimelindwa tangu mwaka 1968, na hilo huonekana kwa ukubwa wa chewa. Katika hifadhi hulipwa ada ya KWS, na kuchukua kombe au tumbawe, hata lililokufa, ni kosa. Meli ya Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mbele ya Nyali mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki, ingoje mpaka uwe na uzoefu zaidi.

Naweza kuzamia Jumapili asubuhi na kurudi Nairobi jioni ile ile?

Hapana, na si kwa ndege tu. Ningetaka swali hili lisomwe hata na aliyeruka mengine yote.

Unapozamia, naitrojeni huyeyuka mwilini. Ukiwa ufukoni hutoka taratibu kwa pumzi. Ukipanda mahali ambapo shinikizo la hewa ni dogo kabla haijatoka, inaweza kufanya mapovu ndani ya damu na maungo, kama soda inapofunguliwa, na matokeo yake ni maumivu ya viungo, ganzi, uchovu usio wa kawaida, na katika hali mbaya kupooza. Ndiyo maana mapendekezo ya DAN, shirika linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku kadhaa, kabla ya kuruka.

Watu wa nchi nyingine hufikiri habari za ndege hapo, wakatulia. Sisi nyumbani kwetu ndiko juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa takribani asilimia 18. Ndani ya ndege shinikizo huwekwa sawa na la mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi, kwa hiyo treni ya SGR au basi la usiku linakufikisha ndani ya kiwango kile kile ambacho mapendekezo yale yaliandikiwa, tena kwa saa chache tu. Mwaka wangu wa kwanza nilizamia asubuhi nikapanda treni ya alasiri, nikidhani onyo lile linawahusu abiria wa ndege. Sikupatwa na lolote, lakini mwenzangu aliponieleza tukiwa tumeshapita Mtito Andei, niliukanda bega langu la kushoto hadi Syokimau nikijiuliza kama linauma au naliwazia.

Mpango unaofaa ni huu: ombeni ruhusa ya Ijumaa. Zamieni Ijumaa na Jumamosi, na mtoke majini kwa mara ya mwisho kabla ya saa sita mchana Jumamosi. Saa 18 zitatimia saa kumi na mbili asubuhi Jumapili, na baada ya hapo treni, basi au ndege ni hiari yenu. Ukizamia Jumapili hadi saa tano asubuhi, hutakuwa huru kuondoka Pwani kabla ya saa kumi na moja alfajiri ya Jumatatu, na bosi wako atahitaji maelezo. Ndani ya muda wa kungoja usipande Shimba Hills kutazama palahala, wala usilale Wundanyi njiani.

Dalili zikijitokeza ukiwa tayari Nairobi, usimeze dawa ya maumivu na kulala. Nenda hospitali, sema wazi kwamba ulizamia, lini na kina gani, uombe oksijeni, na wapigie simu walimu wako wa Pwani ili wasaidie kuunganisha daktari na chumba cha shinikizo, ambamo ugonjwa huu hutibiwa.

Naivasha si karibu zaidi?

Ni karibu, lakini maji yake ni ya tope, kuna viboko, na ziwa lenyewe liko juu kuliko Nairobi, kwa hiyo majedwali ya kina na muda ya kuzamia baharini hayatumiki hapo bila marekebisho. Waachie wavuvi.

Vifaa vitunzweje miezi ambayo siendi Pwani?

Suuza kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi siku ile ile, Pwani, kabla ya kufunga begi. Chumvi iliyokauka njiani hukata kama msasa. Anika kivulini, kamwe si juu ya bati. Suti itundikwe kwenye henga pana, mapezi yalazwe bila kukunjwa, miwani irudi ndani ya kasha lake gumu. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, fungua kabati mara moja kwa wiki, kwa sababu kuvu ya Nairobi hupenda silikoni, na madoa yake meusi hayatoki.